Fizi zinamuuma mwanangu: maswali yenu na majibu

Shikamoo dada muuguzi. Mwanangu ana miezi sita, fizi za chini zimevimba, udenda haukatiki na usiku hatulali. Nifanye nini? (Mama, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu, pole kwa kukesha. Nawa mikono kwa sabuni, kisha msugue fizi taratibu kwa kidole, dakika moja au mbili. Loweka kitambaa safi cha pamba kwenye maji yaliyochemshwa, kikamue, kipoze kwenye friji, umpe atafune ukiwa umempakata. Kisigande kama barafu, kitamuumiza. Huna friji? Maji yaliyochemshwa yakapoa mtungini yanafaa kabisa. Udenda ufute kila mara na umpake mafuta ya mgando kidevuni na shingoni. Akisukuma ziwa, msugue fizi kwanza, ndipo umnyonyeshe.

Duka la dawa wameniuzia jeli ya ganzi. Bibi yake naye anampaka asali. Ipi bora? (Baba, Tanga)

Weka vyote pembeni. Jeli nyingi za ganzi zina benzokeni, inayoweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili. Asali inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka haliviwezi. Maumivu yakizidi, mpe paracetamol ya maji, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa sita. Aspirini hapana.

Mwanangu wa miezi saba anaharisha na ana homa. Mama mkwe anasema ni meno ya nailoni, kesho anakuja fundi kuyang'oa. Naogopa kumkatalia. (Mama, Dodoma)

Mkatalie, mama, hata kwa machozi. Kile cheupe anachokiona fundi chini ya ufizi ni chonge changa la mtoto, bado laini kwa sababu halijakomaa. Wanalichokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli, na mtoto anaweza kufa kwa kuvuja damu, pepopunda au maambukizi. Akipona, chonge la ukubwani huenda likaharibika pia.

Namwelewa mama mkwe. Miezi sita ndipo meno yanapoanza, na ndipo mtoto anapoanza uji na kutia kila kitu mdomoni. Kuharisha na meno vimekutana njiani tu. Mwambie, "Mama, twende wote kituo cha afya, wakampime." Nenda leo: homa ya nyuzi 38 au zaidi si ya meno, huenda ni malaria. Njiani mpe ORS (dawa ya unga inayochanganywa na maji safi, ya kurudisha maji mwilini) kwa kijiko, kidogokidogo, na uendelee kumnyonyesha. Kituoni watampa zinki, miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Mmalizie hata akiacha kuharisha. Macho yakididimia, akilia bila machozi au akishindwa kunyonya, usingoje basi la asubuhi, hata kama ni usiku wa manane.

Wangu ana miezi 11, hana hata jino moja. Ni ugonjwa? (Mama, Mombasa)

Hapana, wapo wanaochelewa. Akitimiza mwaka na nusu bila jino, mpeleke kwa daktari wa meno. La kwanza likichomoza, lisugue kwa mswaki laini wenye dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele.