Kunguru wakijenga kwenye mwembe wako

Vuli ikikaribia hapa Tanga, majirani na ndugu huniuliza maswali yale yale. Kunguru wamejenga kwenye mwembe wa uani, wanachukua vifaranga, wanawapiga watoto vichwani wakitoka kwenda shule, tuwafanyeje? Nafuga kuku wa kienyeji, na miti ya kwangu haikosi viota vya kunguru mwaka hadi mwaka. Katika uwanja huo huo wanazaa shore, chozi na mbayuwayu. Kwa hiyo nawaambia kuwa kukaa nao kunawezekana, ila kuna kazi ya kufanya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko jikoni na kwenye taka, juu ya mti ni kidogo tu.

Kwanza mjue ni nani. Kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivu, anayejaa sokoni, feri na kwenye madampo, si ndege wa asili ya huku. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kumaliza takataka za mji. Kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa, na leo ameshika pwani yote na anaendelea kuingia bara. Kunguru wetu wa tangu zamani ni mkubwa zaidi, mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe, mithili ya mtu aliyevaa fulana nyeupe ndani ya koti jeusi. Katika miji mingi ya pwani huyu wa kwetu amesukumwa pembeni na mgeni. Mtu akiniambia kunguru kamsumbua, kwanza namuuliza kifua kina rangi gani, maana huyu mweupe sitaki aguswe.

Serikali nazo zimehangaika na huyu mgeni mwenye shingo ya kijivu. Dar es Salaam imewahi kuwatega na kuwawekea sumu maalumu, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hawa wapatao milioni moja. Kazi hiyo ni ya wataalamu. Wewe nyumbani usitege sumu kabisa, kwa hali yoyote. Sumu ya panya ukiiweka kwenye nyama, atakayeila huenda akawa paka wa jirani, mbwa, kuku wako mwenyewe au mwewe, na nyama yenyewe iko uani wanakocheza watoto.

Kinachomleta kunguru ni chakula. Siku ukipara samaki uani mtazame vizuri. Anakaa juu ya ukuta, anainamisha kichwa upande mmoja, anafuata mkono wako unaoshika kisu. Hashuki ukiwa umemkabili. Anangoja ugeuke kuchota maji, ndipo anatua, anavuta utumbo mmoja mrefu na kuondoka nao, na wenzake watatu wanamfuata wakipiga kelele. Kesho yake wako hapo kabla hujatoka na beseni. Kwa hiyo mimi napara samaki kwenye beseni lenye kifuniko, matumbo nayafukia siku hiyo hiyo au nayafunga kwenye ndoo yenye mfuniko mzito, na sufuria chafu hazilali nje. Ongea na majirani pia. Kama mama lishe wa pembeni anamwaga mabaki ya ugali na dagaa kwenye mtaro, viota vitabaki kwenye mwembe wako hata uani kwako kukiwa safi. Sisi mtaani tulichanga tukanunua pipa lenye kifuniko tukaliweka karibu na genge, na kunguru wa asubuhi wakapungua waziwazi.

Angalia na simtanki. Kunguru hupenda kulowesha kitu kigumu kabla ya kukila, na mfupa au mkate uliooza utaukuta ndani ya maji ya kunywa kama mfuniko uko wazi. Gata nazo zisafishwe kabla ya mvua.

Sasa vifaranga, maana hapa ndipo watu hukasirika hasa, na wana haki. Kunguru wawili wakishirikiana, mmoja anatua mbele ya mama kuku na kumchokoza mpaka amfukuze, na yule wa pili anatokea nyuma kubeba kifaranga. Inaisha kabla hujafungua mlango. Kumkimbiza na fagio hakusaidii. Kinachosaidia ni kuwafungia vifaranga na mama yao kwenye tenga kubwa au banda la wavu wa matundu madogo, lenye wavu hata juu, mpaka wafike ukubwa wa njiwa. Wape pumba na maji humo humo ndani, kwa sababu pumba iliyomwagwa uwanjani ndiyo inayowaita kunguru. Wengine hutumia nyavu chakavu za wavuvi. Ni nzuri, lakini zivutwe zikaze sawasawa, kwani wavu uliolegea hunasa shore na njiwa kwa miguu wakafa wakining'inia. Chanjo ya mdondo, yaani kideri, usiiache, ile ya matone ya jicho, kila baada ya miezi mitatu. Nimeona watu wakimlaumu kunguru kwa kuku waliokufa na kideri.

Kuhusu kupigwa kichwani: kunguru hafanyi hivyo mwaka mzima. Hutaga mayai matatu hadi matano, anayaatamia zaidi kidogo ya wiki mbili, kisha makinda hukaa kiotani karibu mwezi. Ukali unapanda pale makinda yanapoanza kutoka na kukaa matawini au chini bila kuweza kuruka vizuri. Hushambulia kutoka nyuma. Wiki hizo tumia mlango mwingine kama upo, au pita na mwavuli uliofunguliwa, na watoto wavae kofia. Ukimwona kinda chini, mwenye manyoya tayari, mwache. Wazazi wako juu wanamlisha, na ukimwokota ndipo utakapowajua. Kama yuko barabarani, msogeze kichakani kwa ubao huku umefunika kichwa, uondoke haraka.

Watoto nimewakataza manati, na sababu nawaeleza. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, wakiongozwa na John Marzluff, walivaa kinyago walipokamata kunguru wa Marekani na kuwavisha pete. Miaka mingi baadaye, kila aliyepita chuoni na kinyago kile alipigiwa kelele, hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Wale ni jamii nyingine, lakini tabia ya kukariri uso naiona hata hapa. Kijana aliyerusha jiwe hufuatwa yeye hadi kibandani, wenzake wakaachwa.

Kama hutaki kiota, shughulika kabla ya mayai. Punguza matawi yaliyo juu ya bati na njia kabla ya vuli, na vijiti vya kwanza viondolewe siku vinapowekwa. Kiota kilichoko kwenye nguzo ya umeme usikiguse wala usimpandishe mtu. Kunguru hawa hujenga na vipande vya waya, na waya hizo zikigusana na nyaya za umeme huleta shoti. Piga simu shirika la umeme waje na vifaa vyao.

Ndege wengine wanahitaji tu uwape nafasi. Michongoma na bogonvilia iliyoshonana ni kinga nzuri ya shore, maana kunguru ni mwizi mkubwa wa mayai na makinda yao na hapendi kuingia kwenye miiba. Chozi hutundika kiota chake kidogo kwenye waya wa baraza, kimefumwa kwa nyuzi za buibui na majani makavu, na juu ya tundu la kuingilia kuna kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Nao huchagua karibu na mlango wa watu makusudi, kwa kuwa kunguru anasita kufika hapo. Usihamishe waya huo mpaka watoke. Kinda la shore lililoanguka likiwa bado halina manyoya, lirudishe kiotani kwa mkono, mama yake hatalikataa kwa harufu yako. Mbayuwayu wakijenga kwa tope chini ya paa na kinyesi kikakukera, pigilia ubao sentimita thelathini hivi chini ya kiota, uwe unaukwangua mara moja kwa wiki.

Na bundi akilala darini kwako usimchome moto wala usiite mtu. Anakula panya usiku kucha. Kama kelele za makinda yake zinakunyima usingizi, subiri waruke, kisha ziba tundu kwa wavu mchana, baada ya kumulika tochi ndani na kuhakikisha hakuna aliyebaki.