Salamu Isiyotaja Jina

Wiki iliyopita jarida lilituuliza wasomaji: "Ni jambo gani la maisha ya kila siku ambalo teknolojia mpya imelirahisisha, na katika kulirahisisha ikalipunguzia uzito?" Nimelitafakari swali hilo kwa siku nne, na kila nilipolirudia nilikutana na jibu lile lile: salamu. Sizungumzii salamu za njiani, ambazo kwetu zingali na adabu zake, bali zile tunazotumiana tukiwa mbali, ambazo zamani zilipita redioni na leo zinapita kwenye simu.

Nilikulia Kilosa, kwenye Reli ya Kati, ambako baba yangu alikuwa mfanyakazi wa genge la reli. Ndugu zetu walikuwa wametawanyika: shangazi Kigoma, baba mdogo kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kaka mkubwa kambini JKT. Wakati huo, katikati ya miaka ya 1980, simu ilikuwa kitu cha stesheni, posta na maofisini, wala hakuna mtu wa kawaida aliyeitumia kumwuliza mwenzake ameamkaje. Barua tuliandika, kwa sababu waraka ni nusu ya kuonana, lakini chombo kilichotukutanisha wote kwa saa moja kilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyotokana na kituo kidogo kilichoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Ulinunua kadi ya salamu, ukaijaza, ukaituma kwa S.L.P. 9191, Dar es Salaam, kisha ukasubiri.

Naomba nikae kidogo kwenye huko kujaza kadi, kwa sababu ndiko ninakoona tumepoteza. Kadi ilikuwa ndogo na nafasi za majina zilikuwa chache, kwa hiyo jioni ya kadi nyumbani kwetu ilikuwa kama kikao. Baba alikaa na kalamu karibu na koroboi, mama akimsaidia kukumbuka, nasi watoto tukisikiliza nani atatajwa na nani atangoja kadi ijayo. Wakubwa walitangulia. Mama hakukubali jina moja tupu. Alitaka mtu atajwe kwa jina lake, la baba yake na mahali alipo, ili asije akapokea mwingine salamu isiyo yake. Palitokea hata mabishano, kwa mfano kama ni sawa kumtaja baba mdogo na kumwacha mkewe, ambaye ndiye aliyemwuguza bibi mwaka uliotangulia. Nilichojifunza pale, ingawa wakati ule sikukielewa, ni kwamba huwezi kumsalimu mtu kwa kadi bila kwanza kumfikiria yeye peke yake, hali yake, wema wake na deni ulilo nalo kwake. Mwisho kabisa uliandikwa ujumbe, na baba hakuubadilisha kamwe: milima haikutani, binadamu hukutana.

Hatukujua kadi ingesomwa siku gani, hivyo tulisikiliza kila siku. Betri zilipochoka zilianikwa juani, na waya wa antena ulifungwa kwenye tawi la mwembe. Usiku sauti ilikuwa safi kuliko mchana, na nilikuwa mtu mzima nilipopata sababu yake: mchana jua huamsha tabaka la chini la anga ambalo humeza mawimbi ya masafa ya kati, na usiku tabaka hilo linapofifia mawimbi hupanda juu zaidi, yakarudishwa ardhini mbali sana na mtambo. Kwa mtoto ilikuwa ni giza tu lililomsogeza mtangazaji karibu. Jina la nyumba yetu liliposomwa hapakuwa na aliyepumua, na kesho yake majirani walimwambia baba kisimani na dukani, "Tumekusikia jana." Salamu ile ilikuwa na mashahidi. Shangazi akiwa hakuisikia, mtu wa Kigoma aliyeisikia alimpelekea, na kwa kumpelekea akawa naye amemtembelea.

Redio hiyo hiyo ilitangaza vifo, na sidhani kama mtu wa umri wangu amesahau ukimya uliotanda matangazo hayo yalipoanza. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani; kisha, "habari ziwafikie," na orodha ya ndugu waliko, Tabora, Mbeya, Songea, mmoja mmoja. Hata msiba ulihesabu majina.

Mwaka 1989 baba aliumia mguu kazini akalazwa Morogoro kwa wiki saba. Mama alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kwenda mara kwa mara. Tulituma kadi kwa kipindi cha salamu za wagonjwa, na ilisomwa mchana mmoja wodini kupitia redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Baba alitusimulia jambo hilo hadi uzeeni. Alisema wagonjwa wenzake, ambao walikuwa wamezoea kumwita "mzee wa reli", waligeuka wakamtazama, na tangu siku hiyo wakamwita kwa jina lake kamili, nao wauguzi wakaanza kumwuliza habari za watoto wake kwa majina yaliyosomwa. Hakupona kwa sababu ya redio. Alipona kwa matibabu. Lakini kwa mchana ule mmoja alikuwa mtu mwenye watu, na kila aliyekuwa wodini alijua.

Sasa nije kwenye simu. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp ambalo lina watu zaidi ya 150, na programu yenyewe inaruhusu hadi watu 1,024 katika kundi moja. Kila alfajiri huingia picha za maua na vikombe vya chai zenye maneno ya kutakia asubuhi njema, na nyingi zina ile alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umekwishapitishwa kwa mikono mitano au zaidi kabla ya kutufikia. Nimejiuliza salamu hiyo ilimlenga nani ilipoanza safari yake. Anayeituma hakosei adabu, na ninajua wengi huituma kwa moyo mwema, lakini hakulazimika kumkumbuka yeyote ili aitume. Ni salamu ambayo ungeipata hata kama usingezaliwa.

Nilitambua uzito wa jambo hili mwaka juzi, dada yangu alipofanyiwa upasuaji. Habari ziliwekwa kundini asubuhi, na hadi saa saba mchana palikuwa na "pole" zipatazo themanini, nyingi za neno hilo moja, nyingine ni vibandiko vya mikono iliyokutanishwa kwa dua. Jioni nilimshikia simu akazipitia bila kusema neno. Kisha akafika kwenye ujumbe wa sauti wa shangazi, yule wa Kigoma, ambaye sasa amehamia kijijini kwa mwanawe. Shangazi alimtaja dada kwa jina la utotoni, akawataja watoto wake watatu kwa kufuatana walivyozaliwa, akamwuliza kama bado anaogopa sindano kama alivyoogopa alipokuwa na miaka sita. Dada aliusikiliza mara mbili, akalia, akaomba chakula kwa mara ya kwanza tangu alipoamka.

Ndiyo maana silaumu chombo. Nakumbuka vizuri ubaya wa siku zile: kadi ya kumpongeza binamu kwa ndoa ilisomwa harusi ikiwa imekwisha miezi miwili, wasio na hela ya kadi hawakusikika kabisa, na aliyekosa betri alikosa vyote. Sitamani mtoto wangu asubiri majuma kujua kama mama yake ni mzima. Simu iliyobeba vibandiko themanini ndiyo iliyobeba sauti ya shangazi, tena bila mtangazaji wa kati, na kwa haraka ambayo baba asingeiamini. Kilichopungua ni ile jioni ya kuchagua. Zamani uchache wa nafasi ulitulazimisha kuchagua, na leo, kwa kuwa nafasi haziishi, inabidi mtu ajilazimishe mwenyewe, jambo ambalo nimeliona kuwa gumu kuliko nilivyodhani.

Tangu dada atoke hospitali nimeweka desturi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni nachukua karatasi, naandika majina matatu tu, nafikiria kila mmoja nimeachana naye wapi na alikuwa na jambo gani, kisha namrekodia kila mtu salamu yake kwa jina lake na la baba yake, kama mama alivyotaka. Mwanangu wa miaka tisa amekuwa mshauri. Juzi alinikumbusha kwamba mke wa baba mdogo hajasalimiwa tangu Pasaka, na alikuwa kweli.

Shangazi yumo kwenye orodha mara nyingi. Kijiji anachoishi kiko bondeni na mtandao haufiki vizuri, kwa hiyo salamu yangu ya Jumamosi hukaa na alama moja usiku huo na Jumapili nzima. Huwa naitazama kila ninapoishika simu. Alama ya pili hutokea Jumatatu asubuhi, akishapanda pikipiki kwenda gulioni.