Laptop ya Ubuntu inayoshika waifai kwa shida

Dada, umesema laptop yako inashika waifai kwa shida tangu uweke Ubuntu (aina ya Linux), ila simu yako inapata mtandao vizuri hapohapo chumbani Isevya, na laptop nayo ilikuwa sawa ilipokuwa na Windows. Basi ruta ya sebuleni haina kosa, na usikimbilie kutafuta kadi mpya ya waifai mjini Tabora.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike lspci, itakuorodheshea vifaa vya ndani ya laptop. Ukiona Realtek RTL8723BE, tatizo lake ni la siku nyingi: laptop kadhaa zenye kadi hiyo zimefungwa antena moja tu, na draiva ya Linux (programu inayoendesha kadi) huenda ikachagua tundu la antena lisilo na waya. Ndiyo maana ukikaa jirani na ruta inashika, ukisogea kidogo inapotea. Andika:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

(Haya hayali bando.) Pima kabla na baada kwa iw dev wlan0 link, jina la wlan0 kwako linaweza kuwa wlp2s0 au jingine, iw dev peke yake itakuonyesha. Namba ya dBm (nguvu ya mawimbi, ikikaribia sifuri ndiyo nzuri) ikitoka -80 ikaja -50, umepona. Isipobadilika, rudia kwa ant_sel=1. Itakayokubali, iandike hivi kwenye faili lenye jina linaloishia .conf ndani ya /etc/modprobe.d, la sivyo ukiwasha upya unarudi kulekule:

options rtl8723be ant_sel=2

Kadi ikiwa nyingine, zima kwanza ubanaji wa umeme: sudo iw dev wlan0 set power_save off. Halafu nitumie huo mstari wa lspci.