Nyumba ya Luther kule Wittenberg: nilianza upande usio sahihi

Mkuu, umeuliza kama ukiwa Berlin wiki moja inafaa kutoa siku nzima kwenda kuona nyumba ya Martin Luther, au ni majengo ya zamani tu. Nenda. Ila usiende nilivyokwenda mimi.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Nimebatizwa kichanga na darasa la kipaimara nimelipita kwa kukariri Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho alichokiandika Luther, mpaka ile "maana yake nini?" ikawa inanitoka hata usingizini. Kwa hiyo mwaka 2018 nilishuka treni Wittenberg nikiwa na picha moja tu kichwani: Luther na nyundo, akigongomea kwenye mlango wa kanisa hoja zake 95 za kulikosoa Kanisa la wakati wake, tarehe 31 Oktoba 1517. Nikaipita nyumba yenyewe bila hata kugeuza shingo, nikanyoosha na mtaa mrefu hadi Schlosskirche, yaani kanisa la ngome lenye mlango huo, mwisho kabisa wa mji mkongwe. Mlango ule haupo! Uliteketea vitani mwaka 1760. Uliopo sasa ni wa shaba nyeusi, uliwekwa 1858, na zile hoja 95 zimeandikwa juu yake kwa Kilatini. Nikapiga picha kama wenzangu. Niliporudi kwenye nyumba, ilikuwa imebaki saa moja na nusu wafunge, na huko ndiko kulikokuwa na mambo.

Kwa hiyo wewe anzia kwenye nyumba. Ndiyo iliyo karibu na stesheni, kwa miguu haifiki hata robo saa kama hutembei kizee. Treni ya mwendo wa kasi kutoka Berlin ni kama dakika arobaini. Ile ya kawaida ni ya bei nafuu lakini inazidi saa nzima.

Usitegemee kijumba cha mchungaji. Lile lilikuwa jengo la watawa wa Mtakatifu Augustino, refu kama bweni. Luther aliingia humo akiwa mtawa. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja mageuzi ya Kanisa aliyoyaanzisha yalipopamba moto, yeye akabaki. Mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, mtawa aliyekuwa ametoroka na wenzake kwenye nyumba yao ya kitawa miaka miwili nyuma, wakaanza maisha ndani ya vyumba vile vitupu. Mtawala wa Saksonia aliwaachia jengo, na mwaka 1532 likawa mali yao kwa maandishi.

Sasa hapa ndipo nilipofunguka macho. Nilikwenda kuona nyumba ya Luther, nikakuta nyumba ya Katharina. Mzee alikuwa hashiki hela. Ikiingia, mwenye shida akibisha hodi anapewa. Mama ndiye aliyeendesha. Alipika bia, akafuga, akalima bustani, akapangisha vyumba kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliolipia malazi na chakula. Juu ya hao weka watoto sita aliowazaa, yatima wa ndugu, na wageni wasiokwisha. Mumewe alimwita "Bwana Käthe" (Käthe ni kifupi cha Katharina), utani wenye ukweli ndani yake. Yale mazungumzo maarufu ya mezani, ambayo wanafunzi waliyaandika wakati Luther anaongea na kula, jiulize nani alikuwa amenunua hicho chakula.

Chumba cha kukaa ndicho cha kutulia nacho. Wanakiita Lutherstube. Kimefunikwa mbao kuanzia sakafu, kuta hadi dari, mbao zilizokwisha kuwa nyeusi-kahawia kwa umri. Kuna meza, mabenchi yaliyojengewa ukutani, na jiko kubwa la vigae la kupashia joto, ingawa jiko hilo liliwekwa baada ya yeye kufa. Mwanga unaingia kidogo kupitia vioo vya duara vidogo vidogo. Simama karibu na dirisha, kaa kimya dakika tano, waache wenye haraka wapite. Juu ya mlango utaona chaki chini ya kioo: ni sahihi ya Tsar Peter wa Urusi, alipita hapo mwaka 1712. Mtoto wa shule akiandika jina lake ukutani anachapwa, mfalme akiandika anawekewa kioo.

Ukitoka uani usikose lango la mawe ambalo Katharina alimtengenezea mumewe mwaka 1540. Lina viti viwili vya mawe, kimoja kila upande, na sura ya Luther imechongwa pembeni. Hapo watu wazima wawili wanaweza kukaa jioni wakatazamana. Nami niliingilia hapohapo nikiwa mbio bila kuliona, mpaka wakati wa kutoka.

Ndani ya maonyesho kuna mimbari aliyohubiria na sanduku la kanisa la kuwekea michango ya maskini, lenye kufuli zaidi ya moja, maana hata watakatifu hawakuaminiana kwenye fedha. Hayo utayaona mwenyewe. Ila angalia kitu kimoja kabla ya kukata tiketi: jengo lilifungwa mwaka 2023 kwa ukarabati, maonyesho yakahamia jengo la mbele, Augusteum. Hakikisha kwanza limefunguliwa, usije ukaambulia uani.

Na kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa kipaimara. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa la mji, Stadtkirche, kuna sanamu ya kuwatukana Wayahudi, ya tangu enzi za kati, na Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi maneno ya kutisha. Chini ya sanamu hiyo waliweka kumbukumbu mwaka 1988. Nenda ukaione. Mimi nilisimama pale nikiwa na mfuko wa zawadi mkononi, zile soksi zenye maneno ya Luther, nikaona aibu kuushika.

Schlosskirche iache mwisho. Kaburi la Luther liko ndani, na la Melanchthon, mwenzake katika mageuzi. Nilizunguka nikitafuta la Katharina pembeni ya mumewe. Hayupo. Mwaka 1552, akiwa mjane, alikimbia tauni, akaumia kwenye ajali ya gari la farasi njiani, akafia Torgau, na alizikwa hukohuko. Chumba wanachosema alifia wamekitunza, kidogo tu. Sikuwa na siku ya pili. Kama wewe unayo, ongeza Torgau, kisha uje utuambie kikoje.