Je, "ni kweli kwamba" huongeza chochote?

Umeuliza kama kusema "ni kweli kwamba Kaisari aliuawa" kunaongeza chochote kwenye kauli "Kaisari aliuawa". Mwaka 1927 mwanafalsafa Frank Ramsey wa Cambridge alijibu kwamba maana haibadiliki, ila huenda ukapatikana mkazo au mtindo wa usemi, na kwa sentensi ya namna hiyo ninakubaliana naye. Ugumu huanza mtu anaposema "yote aliyoyasema shahidi ni kweli", pengine bila hata kuyasikia, kwa sababu hapo ukiliondoa neno "kweli" hutabaki na sentensi kamili. Ramsey mwenyewe aliliona jambo hilo. Wafuasi wake wa baadaye walidai kuwa hiyo ndiyo kazi halisi ya neno hilo, yaani kuthibitisha kwa mkupuo kauli tusizoweza kuzitaja mojamoja, ingawa wanaotetea nadharia ya ulinganifu, isemayo kwamba kauli ni kweli inapolingana na hali halisi, bado wanataka waelezwe ni nini kinachoifungamanisha kauli ya shahidi na tukio lenyewe.