Jiko la peleti linajizima

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Lewiston, Maine, Marekani. Jiko letu la kupasha nyumba joto, linalotumia peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa), linawaka, baada ya robo saa linajizima, na peleti bado zimejaa. Usiku watoto wanatetemeka. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na baridi. Nikiitwa kwa shida hii, mara nyingi nakuta hewa haipiti. Chomoa umeme, jiko lipoe kabisa, kisha toa kile kikombe cha chuma zinamoungulia peleti. Kiinue kwenye mwanga. Vitundu vikiwa vimezibwa na jivu lililoganda kama kioo, kwangua mpaka mwanga upite katika kila kimoja. Bomba la moshi nalo lisafishe hadi nje; jivu laini hujificha kwenye kona.

Ndani mna swichi inayopima mvuto wa hewa. Mvuto ukipungua, inasimamisha peleti. Nakusihi, asije mtu akaifungia waya ili kuiruka: moshi utarudi kwa watoto. Mlango wa jiko ubanie noti ya dola, kisha ivute noti hiyo. Ikitoka kirahisi, badilisha kamba ya kuzibia inayozunguka mlango. Peleti zilizolowa usizitumie. Na king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kiwe karibu na wanapolala.