Farasi Ameota Madoa Meupe: Papasa Ngozi Kabla ya Kutafuta Dawa

Mwaka jana alikuwa hudhurungi mtupu, ukimpiga burashi anang'aa kuanzia shingoni hadi kiunoni. Sasa ana madoa meupe, na hujui yalianza lini. Kila anayepita bandani ana jibu lake: mmoja anasema ni fangasi, mwingine anasema ana upungufu wa madini, wa tatu anaapa kwamba babu yake alikuwa wa mabakabaka, damu imejitokeza. Ukiwasikiliza wote, kufikia jioni umeshampaka farasi mafuta ya aina tatu na bado hujui anaumwa nini, au kama anaumwa kabisa.

Nimetunza farasi wengi wenye madoa ya namna hii, na ninachomwambia kila anayeniuliza ni kimoja: achana kwanza na rangi, tazama ngozi. Chukua sifongo na maji ya vuguvugu, lowesha pale penye doa mpaka manyoya yalale, kisha yatenganishe kwa vidole viwili ukiwa kwenye mwanga mzuri. Angalia kama ngozi ni nyeusi au ya waridi. Pitisha ncha ya kidole usikie kama ni laini, kama kuna magamba, kama kuna kovu, kama pana joto kuliko pembeni. Halafu bonyeza taratibu huku ukimtazama farasi usoni, maana masikio yake yatakujibu kabla hujauliza.

Sababu ya kuangalia ngozi ni hii. Unyoya hupata rangi yake kutoka kwa seli zilizo kwenye shina lake, ndani ya ngozi. Seli hizo zikifa au zikiacha kazi, unyoya unaendelea kuota kama kawaida, ila unaota mweupe, yaani farasi ameota mvi mahali pale tu. Ngozi yenyewe yaweza kubaki nyeusi ti. Mabaka ya kuzaliwa nayo, kama alama ya paji la uso au soksi nyeupe za miguuni, kwa kawaida yana ngozi ya waridi chini yake. Kwa hiyo doa lililozuka ukubwani likiwa na ngozi nyeusi isiyo na gamba wala maumivu, kilichoguswa ni mashina ya manyoya. Likiwa na ngozi iliyopauka, basi ngozi nzima imepoteza rangi, na hapo tunazungumzia jambo jingine.

Kuna hesabu ya muda ambayo watu huisahau. Unyoya uliokwisha kuota haugeuki mweupe usiku mmoja. Weupe unakuja na unyoya mpya, na farasi hupukutisha manyoya yake mara mbili kwa mwaka, akifuata urefu wa mchana. Doa unaloliona leo linaeleza kilichotokea wiki au miezi iliyopita. Nimeona mtu akirudisha tandiko jipya dukani kwa hasira, eti limemharibia farasi mgongo, wakati madoa yale yalikuwa kazi ya tandiko la zamani alilolitupa msimu uliopita. Ukitaka kujua chanzo, rudi nyuma kabla ya manyoya haya kuota: alikuwa akivaa nini, akifanya kazi gani, aliumia wapi, nani alikuwa akimpanda?

Na kwa kuwa nimetaja tandiko, nikae hapo kidogo, kwa sababu madoa mengi niliyoyaona yametokana na matandiko kuliko na ugonjwa wowote. Mahali pake panajulikana: juu mabegani, pale shingo inapokutana na mgongo, upande mmoja au pande zote mbili. Yakiwa mawili yanayolingana kushoto na kulia, karibu huhitaji kuuliza zaidi. Fremu ya tandiko ni nyembamba kwake, inambana, damu haipiti vizuri, na seli za rangi zinakufa. Farasi mmoja niliyekuwa nikimtunza, dume aliyehasiwa, mpole sana, alikuja akiwa na madoa mawili kama ukucha wa dole gumba. Ngozi ilikuwa nyeusi na laini, hakuna kidonda. Lakini nilipobonyeza vidole vinne nyuma ya madoa yale, mgongo ulizama na ngozi ikatetemeka kama anayefukuza nzi. Aliyemleta alisema ana tabia mbaya ya kung'ata wakati wa kufungwa mkanda wa tumbo. Hakuwa na tabia mbaya, alikuwa anasema.

Namna ya kukagua ni rahisi. Mfanyishe kazi mpaka atoke jasho, kisha inua tandiko juu moja kwa moja bila kulivuta. Mgongo unatakiwa uwe umelowa sawasawa pande zote mbili. Ukiona kipande kikavu katikati ya jasho, simama hapo. Mara nyingine ni sehemu ambayo tandiko haliigusi kabisa, na hiyo ni kasoro ya aina nyingine. Lakini kama manyoya yamelala yamebanwa, au mnyama anaruka ukipagusa, hapo pamekandamizwa kiasi kwamba hata tezi za jasho zimezimwa. Tafadhali usikimbilie kuongeza pedi nene. Tandiko linalobana ukiliwekea pedi ni kama kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kidogo. Mpeleke kwa fundi wa matandiko, akupimie upana, na arudie kupima kila mwili wa farasi unapobadilika. Farasi aliyenenepa, aliyekonda au aliyejenga misuli kwa mazoezi hana mgongo ule ule wa miezi sita iliyopita.

Kagua pia vitu vingine vinavyokaa mwilini: mkanda wa puani, hatamu anayoachiwa mchana kutwa, blanketi linalosugua mabegani, mkanda wa tumbo wenye mshono uliokakamaa. Lijamu na vyombo vya mpira navyo vimo, maana zipo kemikali katika baadhi ya mpira zinazoweza kupausha ngozi ya midomo bila kuacha kidonda.

Je, rangi itarudi? Kama mkandamizo ulikuwa wa muda mfupi, manyoya yajayo yanaweza kuota na rangi yake. Kama seli zimekufa, doa ni la kudumu na hakuna mafuta yatakayolifuta. Anayetaka uthibitisho atazame alama za baridi wanazopigwa farasi kwa utambulisho. Mwaka 1966 Keith Farrell wa Chuo Kikuu cha Washington State nchini Marekani alianzisha njia ya kutumia chuma kilichopozwa sana, mara nyingi katika naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi ile inaua seli za rangi na kuacha unyoya ukiota, kwa hiyo namba inasomeka nyeupe maisha yote. Tandiko baya linafanya kazi hiyo hiyo polepole, bila mtu kukusudia.

Kuna madoa ambayo hayana kisa. Yametawanyika mbavuni au kwenye makalio, madogo, ngozi chini ni nyeusi na laini, farasi hana habari nayo. Wenzetu wa farasi wa mbio wanayaita madoa ya Birdcatcher, kwa jina la dume mmoja aliyezaliwa Ayalandi mwaka 1833 ambaye alikuwa nayo. Sababu yake haijathibitishwa, na yana tabia ya kuja na kuondoka: msimu huu yapo, msimu ujao yamepungua au yamehamia kwingine. Nina jike mwekundu mwenye haya. Yalipojitokeza mara ya kwanza kiunoni, kama punje za mahindi zilizomwagika, niliyapiga picha, nikapapasa moja moja, nikaacha. Sijawahi kumpaka kitu, na sioni kwa nini mtu apoteze fedha kwa doa lisilouma.

Kama farasi ni mtoto au bado kijana na weupe unaanzia kuzunguka macho, huenda ni wa kijivu tu. Farasi hawa huzaliwa na rangi nyingine, wakaendelea kuwa weupe mwaka hadi mwaka. Waangalie wazazi, kwa sababu farasi wa kijivu lazima awe na angalau mzazi mmoja wa kijivu. Watafiti waliichapisha jeni inayohusika mwaka 2008, na siku hizi unyoya wenye shina ukipelekwa maabara unajibu swali. Ninachosisitiza kwa hawa si rangi, ni mkia. Uinue mara kwa mara, angalia chini yake na kuzunguka njia ya haja, kwa sababu zaidi ya asilimia 70 ya farasi wa kijivu waliopita miaka 15 huota vivimbe vyeusi vya melanoma, yaani uvimbe wa seli za rangi. Vingi hukua polepole, lakini ni heri daktari avijue vikiwa vidogo.

Wapo pia wenye jeni ya mabaka ya chui, kama farasi wa aina ya Appaloosa, ambao huendelea kubadilika umri ukisonga. Utawatambua kwa mistari kwenye kwato, weupe unaoonekana kuzunguka mboni ya jicho, na ngozi yenye vidoadoa puani. Wale waliorithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili hawaoni gizani, kwa hiyo usimtoe usiku bila taa ukamlaumu kwa kuogopa.

Ngozi ikipauka yenyewe, hasa kuzunguka macho, midomo, njia ya haja na sehemu za siri, bila gamba wala muwasho, hiyo kwa kawaida ni mbalanga. Farasi wa Kiarabu wanaipata sana. Haiumi, haiambukizi, na haina tiba ya uhakika. Kuna wanaorudisha rangi wenyewe, kuna wasiorudisha kamwe. Kazi yako ni kumkinga na jua, maana ngozi ya waridi inaungua. Kivuli saa za mchana, barakoa ya kuzuia nzi yenye kinga ya jua, na mafuta ya kuzuia jua puani vinatosha.

Sasa yale ambayo nisingesubiri nayo. Magamba yanayong'oka na vishungi vya manyoya baada ya siku nyingi za mvua ni maambukizi ya bakteria. Duara zilizonyonyoka manyoya ni choa mpaka ithibitishwe vingine, na choa inapita kwenye burashi, blanketi na hata mikono yako, kwa hiyo mtenge farasi huyo na vifaa vyake siku hiyo hiyo. Manyoya yakirudi meupe baada ya maambukizi kupona, hilo ni kovu tu. Magamba yanayojipanga kama wavu mgongoni mwa farasi wa mwaka mmoja au miwili, yakifuatwa na mistari myeupe, yanahitaji daktari akate kipande kidogo cha ngozi kwa maabara. Kuna aina ya hali hiyo inayouma mno, farasi hataki hata kuguswa na kitambaa, na huyo hapandwi mpaka maumivu yaishe. Doa lililonyonyoka katikati ya paji la uso, lenye muwasho na kupauka, laweza kuwa la vijinyoo vinavyoenezwa na visubi, na daktari ana dawa yake. Utando mweupe ndani ya sikio wengi huuita uchafu. Unatokana na virusi, usiukwangue, utamfanya farasi asikubali kuguswa kichwa tena.

Nimeyaacha mwisho yale ya sehemu za siri, kwa sababu watu wanaona aibu kuyataja. Madoa meupe pale kwa jike au dume anayezalishwa yanaweza kuwa alama za malengelenge ya virusi yanayoambukizwa kwa kupandana, au dalili ya durini, ugonjwa wa vimelea unaotakiwa kuripotiwa kwa mamlaka za mifugo katika nchi nyingi. Mwenye nayo asipandishwe hata mara moja kabla ya daktari kumwona, hata kama mteja ameshafika.

Kuhusu madini: shaba na zinki zina kazi katika rangi ya manyoya, ndiyo maana kila duka la chakula cha mifugo lina unga wa kurudisha rangi. Lakini upungufu unapausha mwili kwa mapana, haumchagulii farasi madoa mawili mabegani. Pima malisho kwanza. Mchanganyiko wenye madini ya seleniamu ukizidishwa unadhuru vibaya, singa za shingoni na mkiani zinakatika na kwato zinapasuka, na hapo utakuwa umeleta ugonjwa pasipokuwa na ugonjwa.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Piga picha za madoa kila baada ya kupukutika kwa manyoya, pande zote mbili, ukiweka rula au kidole pembeni kuonyesha ukubwa. Alama za tandiko na makovu mweleze daktari azichore kwenye hati ya utambulisho wa farasi, kwani zitabaki hapo. Yale yanayokuja na kuondoka usiyategemee kumtambulisha. Na ukienda kununua farasi ukakuta weupe juu ya mabega, omba uonyeshwe tandiko analovaa sasa, mbonyeze mgongo kwa vidole mbele ya mwenyewe, ndipo mzungumze bei.